Njiti anakatika pumzi na damu haikuota bakteria: je, ni virusi?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto wachanga. Tuna mtoto aliyezaliwa na wiki 31 za ujauzito, sasa ana wiki 5 na hajawahi kutoka wodini. Alikuwa anaongezeka uzito vizuri, ghafla akaanza kukatika pumzi na kushindwa kunyonya. Homa hana. Tulimwanzishia antibiotiki, na baada ya siku mbili damu tuliyootesha haijaota kitu. Daktari anahisi ni virusi. Vimemfikiaje mtoto asiyetoka nje? Tuendelee na antibiotiki? Baadhi ya wenzangu wanataka mama azuiwe kuingia mpaka mtoto apone.

JIBU: Daktari wenu yuko sahihi kuwaza hivyo. Kwa njiti, kukatika pumzi kunaweza kuwa dalili ya kwanza kabisa ya RSV (virusi vinavyoshambulia njia ya hewa ya watoto wadogo), kabla hata mafua na kikohozi havijaonekana. Kukosa homa kusiwatulize, maana mtoto wa umri huu akiugua anaweza kupoa badala ya kuchemka. Mtazame anaponyonya: anavuta mara tatu nne, anaachia titi, anahema, anarudi, kisha analala amechoka. Watoto wadogo hutegemea sana pua kupumulia, kwa hiyo kamasi kidogo tu inatosha kumfanya achague kati ya hewa na maziwa.

Kuanza antibiotiki mlifanya vyema. Hakuna anayeweza kusimama kando ya kitanda akatofautisha kwa macho virusi na sumu ya bakteria kwenye damu. Lakini saa 48 zikishapita, lazima mwamue. Kabla ya kuamua, jiulizeni mambo mawili. Damu iliyochukuliwa ilitosha? Chini ya mililita moja, jibu la kwamba hakuna kilichoota halina uzito mkubwa. Na mkojo ulipimwa? Kwa mtoto wa wiki 5 mara nyingi bakteria hujificha huko. Kama damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo ni safi, hali yake haizidi kuwa mbaya, na PCR ya kamasi (kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi) imeonyesha virusi, mimi ningesimamisha antibiotiki siku hiyohiyo. Kuzivuta hadi siku saba “kwa usalama” kunaua bakteria wema wa utumbo na kuzalisha bakteria sugu, na kwa njiti kunafungua mlango wa fangasi na wa ugonjwa wa kuoza utumbo.

Kuna virusi visivyosubiri majibu, navyo ni vya herpesi. Mtoto wa wiki sita za mwanzo akipata degedege, au vimeng'enya vya ini vikipanda sana, au akizidiwa kama mwenye bakteria kwenye damu ilhali hakuna kinachoota, aanzishiwe asiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivyo, kwanza, vipimo vifuate. Kipimo cha kawaida ni miligramu 20 kwa kilo kila baada ya saa 8, na daktari hukirekebisha kulingana na figo na ukomavu wa mtoto. Msingoje malengelenge. Baadhi ya walioshambuliwa ubongo hawana hata moja. Enterovirusi, yaani virusi vinavyokaa utumboni, navyo vina hila yake, ya kushambulia msuli wa moyo: ukiona mapigo yanakimbia, miguu baridi na ini limevimba, usimwongezee maji ya mshipani kwa haraka.

Sasa vimefikaje? Kwa mikono yetu, mara nyingi. Mtu mzima mwenye RSV huwa na mafua mepesi tu na hajioni mgonjwa. Mwaka 1981 watafiti Caroline Hall na mwenzake R. Gordon Douglas walichapisha jaribio ambalo ningependa kila wodi ilijue. Waliwagawa wahudumu waliojitolea: wengine walimbeba na kumhudumia mtoto mwenye RSV, wengine waligusa tu vitu vilivyomzunguka huku mwenyewe hayupo chumbani, wengine walikaa mbali naye kiasi cha mita mbili. Waliombeba wengi waliambukizwa, walioshika vitu baadhi waliambukizwa, waliokaa mbali hakuna hata mmoja. Basi pita wodini mwenu ukiangalia vitu na si watu: stethoskopu inayotoka shingoni kwenda vifua vitatu, simu ya mfukoni, waya wa kupimia oksijeni unaohamishwa kutoka mguu wa mtoto huyu kwenda wa yule bila kufutwa.

Vitakasa mikono vyenye pombe vinaua RSV na virusi vya mafua makali (influenza). Kwa adenovirusi (virusi vinavyoweza kushambulia macho na njia ya hewa) na enterovirusi havina nguvu hiyo. Hapo ni sabuni na maji, na klorini kwenye nyuso za vitu. Watoto wakianza kuwa na macho mekundu siku chache baada ya njiti kupimwa retina (sehemu ya nyuma ya jicho), fuatilieni vifaa vya uchunguzi huo. Adenovirusi vimewahi kuenea kwenye wodi za njiti kwa njia hiyo.

Kuhusu mama: hapana, asizuiwe. Maziwa yake yana kingamwili, na njiti huyu alikosa sehemu kubwa ya zile zinazopita kwenye kondo katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Hata mama akiwa na mafua, avae barakoa, anawe, aendelee kukamua au kunyonyesha. Mwenye kidonda cha herpesi mdomoni akifunike na asimbusu mtoto. Wa kuzuiwa ni mhudumu mwenye mafua. Kwenye kazi yetu anayekuja akipiga chafya husifiwa kwa kujituma. Mimi ningemrudisha nyumbani.

Tiba yenyewe ni fupi: oksijeni au msaada wa kupumua, kusafisha pua taratibu, kulisha kwa mrija akishindwa kunyonya. Salbutamoli na steroidi havisaidii RSV ya watoto hawa.

Mtengeni na, mkiweza, ahudumiwe na muuguzi mmoja kila zamu. Njiti anaweza kutoa virusi kwa wiki tatu au nne, na PCR yaweza kubaki chanya hata baada ya kupona, kwa hiyo msiirudie kila siku kutafuta ruhusa ya kumtoa karantini. Waliolala karibu naye waangaliwe kwa siku 8 tangu walipokuwa naye mara ya mwisho, kwa sababu RSV huchukua siku 2 hadi 8 kujitokeza, na kwa siku hizo msipokee mtoto mpya katika chumba hicho.