Tyuna Yangu Iligoma Ugenini: Kurekodi Televisheni kwa Kompyuta Baada ya Kuhama Nchi

Nilipohama nchi, tyuna yangu ya televisheni nilisafiri nayo mfukoni. Ni kidude cha USB kisichozidi kidole gumba, kinachopokea matangazo ya antena na kuyaingiza kwenye kompyuta, na kilikuwa kimenitumikia miaka minne bila kuleta vurugu. Mimi nafanya kazi zamu za usiku, kwa hiyo habari na mpira vinapita nikiwa kazini. Kidude kile kilikuwa kinanirekodia kila kitu, nikirudi asubuhi nakuta mafaili yamejipanga. Basi nikaona ya nini kununua kingine? Kompyuta ni ileile, tyuna ni ileile.

Nikachomeka, nikaanza kusaka chaneli. Kile kimstari kikajaa taratibu mpaka asilimia 100, kisha jibu likaja: chaneli 0. Nikahamishia antena dirishani, nikasaka tena. 0. Wiki mbili nilikesha nikiituhumu kompyuta. Nikafuta programu na kuiweka upya, nikabadilisha toleo la Linux (mfumo unaoiendesha kompyuta yangu), nikanunua kebo mpya. Kumbe maskini kompyuta haikuwa na kosa lolote. Tyuna ilikuwa inasikiliza lugha moja na mnara unazungumza nyingine.

Kwa hiyo ukihama na unataka kurekodi televisheni, anza na kinachorushwa hewani huko uendako. Kompyuta iache iwe ya mwisho.

Utangazaji wa dijitali kwa antena umegawanyika katika familia nne kubwa. DVB-T na mdogo wake DVB-T2 zimeenea Ulaya, sehemu kubwa ya Afrika na nchi nyingi za Asia. ATSC ndiyo ya Marekani, Canada, Mexico na Korea Kusini. ISDB-T ilizaliwa Japani, ikavuka hadi Brazili na nchi nyingi za Amerika Kusini, na barani Afrika Botswana wakaichukua. Uchina wana ya kwao, DTMB. Tyuna yangu ilikuwa ya DVB-T na nchi niliyohamia inatumia ATSC. Hapo hakuna programu ya kuokoa jahazi, kwa sababu kazi ya kuyafumbua mawimbi inafanywa na chipu iliyo ndani ya tyuna. DVB-T inagawa data kwenye maelfu ya mawimbi membamba yanayokwenda sambamba; ATSC iliyozoeleka inaipakia yote kwenye wimbi moja pana. Chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo mmoja, mwingine inauona kama kelele tu.

Hata ukihama ndani ya familia moja usijiamini. Ujerumani walianza kuhamia DVB-T2 yenye picha za HEVC (mbinu mpya zaidi ya kubana picha) mwaka 2017, na tyuna nyingi za zamani zikabaki mapambo. Ufaransa waliachana na MPEG-2, mbinu ya zamani ya kubana picha, kwenye matangazo ya antena Aprili 2016. Uingereza chaneli za kawaida ziko kwenye DVB-T lakini za HD ziko kwenye DVB-T2, kwa hiyo tyuna ya zamani inakupa nusu ya chakula. Japani matangazo yamefungwa, na yanafunguliwa kwa kikadi kiitwacho B-CAS. Uswisi ndio kabisa: shirika la utangazaji la umma lilizima matangazo yake ya antena Juni 2019, likabaki na satelaiti, kebo na intaneti. Sasa fikiria umefika huko na antena yako begani.

Na la sheria usilipuuze. Uingereza, kwa mfano, leseni ya televisheni inahitajika ukitazama au kurekodi matangazo ya moja kwa moja kwa kifaa chochote, kompyuta ikiwemo. Kusema "mimi sina televisheni, nina kompyuta tu" hakukusaidii. Uliza mapema kabla barua hazijaanza kuingia mlangoni.

Nilipokubali yaishe nikanunua tyuna ya ATSC. Safari hii sikuchukua ya USB. Nilichukua ile inayochomekwa kwenye ruta kwa waya wa mtandao. Ukiniuliza mimi, hii ndiyo ya kununua kama uwezo upo. Unaiweka pale antena inapopata mawimbi vizuri, kompyuta unaiacha unapotaka wewe, na mahangaiko ya draiva (programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia tyuna) yanapungua sana. Tyuna ya USB inataka kompyuta ikae karibu na antena, na kompyuta yenyewe inatoa kelele za umeme zinazoisumbua tyuna. Kama unayo ya USB usiichomeke moja kwa moja ubavuni mwa kompyuta. Tumia waya wa kuongezea urefu, hata wa nusu mita. Mimi mwenyewe niliwahi kupata chaneli tatu za ziada kwa huo waya tu. (Ile ya zamani sikuitupa. Tyuna nyingi za DVB-T zenye chipu ya RTL2832U zinageuzwa kuwa redio ya kompyuta, na sasa ndiyo inanisikilizisha FM.)

Mambo madogo ya umeme na vichomekeo nayapitia haraka. Soma maandishi ya adapta: ikiandika 100–240V, 50/60Hz, iko salama popote. Amplifaya yangu ya antena ilikuwa ya 230V peke yake, nayo nchi hii ina 120V, basi ikastaafu. Kebo za antena nazo zinatofautiana mdomo: sehemu nyingi za Ulaya unasukuma tu, kwa wenye ATSC unazungusha kama nati. Kiunganishi cha kubadilisha kipo na ni kitu kidogo.

Sasa antena, ambako ndiko nilikotumia muda mwingi kuliko pote, na sijutii.

Kwenye televisheni ya zamani, mawimbi yakipungua ulikuwa unaona chenga, lakini mpira unaendelea. Dijitali haikupi heshima hiyo. Picha ni safi, safi, safi, halafu ghafla inapasuka viraka vya mraba, sauti inakwaruza, kimya. Ndiyo maana kipimo cha nguvu ya mawimbi kinadanganya. Programu nyingi zinaonyesha vipimo viwili, nguvu na ubora, na wengi tunaangalia cha kwanza kwa sababu kinapanda kwa urahisi. Nilipoweka amplifaya mpya, nguvu ilipanda hadi 92 na nikashangilia. Ubora ukashuka. Amplifaya inakuza kila inachopokea, kelele zikiwemo, na ukiwa karibu na mnara inaweza kuizidia tyuna kabisa. Niliichomoa, nguvu ikarudi 70 na kitu, na picha ikatulia. Tangu siku hiyo naangalia ubora tu.

Namba ya chaneli nayo ni mtego, hasa kwenye ATSC. Chaneli inajiita 7.1, lakini masafa inayorushwa kweli yanaweza kuwa ya chaneli 30. Jina lilibaki la enzi ya analojia ili watazamaji wasipotee. Tafuta masafa halisi ya kituo unachokitaka ndipo uchague antena, maana zile antena bapa za kubandika ukutani zinapokea UHF (masafa ya juu) vizuri na VHF (masafa ya chini yake) kwa shida. Chaneli niliyoipenda kuliko zote ilikuwa VHF. Nikaona inapotea kila jioni, asubuhi inarudi. Nikalaumu hali ya hewa, nikalaumu mnara. Siku moja nikazima taa ya jikoni wakati naangalia kipimo cha ubora, kikaruka juu palepale. Nikawasha, kikaanguka. Balbu ya LED ya bei rahisi ndiyo ilikuwa inatoa kelele. Balbu moja! Nilibadilisha balbu, antena sikuigusa.

Upande wa kompyuta, habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Kurekodi televisheni ya dijitali hakuichoshi kompyuta. Picha imeshabanwa huko inakotoka, kompyuta yako inachofanya ni kuandika data kwenye diski kama inavyokuja. Chaneli moja ya masafa ya ATSC inabeba jumla ya megabiti 19.39 kwa sekunde, yaani hata ukirekodi yote ni kama megabaiti 2.4 kwa sekunde. Diski ya kizamani kabisa inaweza. Kinachotaka nguvu ni kutazama, hasa HEVC, au kubadilisha faili liwe dogo. Kwa hiyo ile kompyuta kuukuu uliyokuwa unataka kuigawa, ipe kazi ya kurekodi.

Nafasi ya diski ndiyo ya kupigia hesabu. Megabiti 12 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 5.4 kwa saa. Mechi na maongezi yake inakula gigabaiti 12 hivi. Mimi nimeiambia programu ifute vya zaidi ya siku 14 isipokuwa nilivyoviwekea alama. Kabla ya hapo diski ilijaa usiku wa fainali, rekodi ikakatika dakika ya 71. Matokeo nikayapata kwa mfanyakazi mwenzangu, bila kumuuliza.

Programu natumia Tvheadend kwenye Linux, halafu Kodi ndiyo ya kutazamia. Sura ya Tvheadend haivutii, na mara ya kwanza inachanganya: kuna mtandao, kuna masafa, kuna huduma, kuna chaneli, na lazima uvipitie kwa mpangilio huo. Lakini ikishakaa sawa unaisahau kwamba ipo. Wa Windows wajaribu NextPVR. Kama ulizoea Windows Media Center, iliondolewa tangu Windows 10 ya mwaka 2015, usiitafute. Kwenye Linux, kabla hujafungua programu yoyote, angalia kama folda ya /dev/dvb ipo baada ya kuchomeka tyuna ya USB. Kama haipo, fungua dirisha la amri, andika dmesg usome mistari ya mwisho. Mara nyingi utakuta kuna faili dogo la kuiamsha tyuna ambalo halijapatikana, na litatajwa kwa jina. Ningesoma mistari hiyo siku ya kwanza, ningejua mapema kwamba tyuna yangu inatambulika vizuri na tatizo liko nje.

Saa. Jamani, saa. Kompyuta niliihamisha ikiwa bado na saa za nchi niliyotoka, tofauti ya masaa 8. Ratiba inayokuja na mawimbi haijali saa ya ukutani kwako, kwa hiyo vipindi nilivyovibonyeza kutoka kwenye ratiba vilirekodiwa sawasawa ingawa maandishi yalionyesha saa za ajabu. Nilivyoviandika mwenyewe kwa mkono ndivyo vilivyoharibika. Na hapo nikaongeza kosa langu: nilikuwa na usingizi, kichwani nina "saa mbili usiku", nikaandika 02:00 badala ya 20:00. Nilipofungua faili nikakuta saa nzima ya mtu anasifia ufagio wa kusugulia sakafu. Rekebisha saa za eneo siku unayofika, na kama huko wanasogeza saa mbele na nyuma kwa misimu, chagua eneo kwa jina la mji na uache kompyuta isogeze yenyewe.

Ratiba yenyewe inaweza kuwa fupi. Kwenye DVB nilizoea kuona wiki nzima mbele. Kwenye ATSC vituo vinalazimika kutoa masaa 12 tu, na vingine haviongezi hata dakika. Ukitaka kupanga ya wiki, utahitaji kuleta ratiba kwa intaneti kwa muundo wa XMLTV, ambao karibu programu zote za kurekodi zinausoma.

Halafu ongeza muda wa pembeni: dakika 2 kabla, na kwa michezo mimi naweka 45 baada. Zuia kompyuta isilale, au iruhusu iamke yenyewe rekodi ikikaribia. Kompyuta mpakato ukiifunga kifuniko inalala hata kama inarekodi, mpaka uibadilishie mipangilio. Na masasisho yaweke mchana ukiwa nyumbani. Yangu iliwahi kujiwasha upya saa tisa usiku katikati ya filamu.

Ukimaliza yote hayo, rekodi dakika 10 asubuhi, 10 jioni na 10 usiku wa manane kwa siku kadhaa, kisha uzitazame kweli. Programu yangu inahesabu makosa ya kila rekodi, na mwezi wa kwanza nilikuwa nayaandika kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya dirisha. Niliridhika. Ikaja miezi ya majani: miti iliyokuwa mitupu kati yangu na mnara ikachipua, upepo ukivuma chaneli mbili zinaganda. Nikarudi na ile karatasi, nikaisogeza antena kushoto kidogo kidogo nikiangalia ubora, na baada ya sentimita 40 hivi chaneli zote mbili zikarudi. Hapo ndipo antena ilipo mpaka leo, imeshikiliwa na vibanio viwili vya nguo.