Aliyepanga Herufi za Kitabu cha Mateka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasoma fasihi. Orodha tuliyopewa ya fasihi ya mwanzo ya makoloni ya Marekani imejaa Wapuritani watupu, wale Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali wa dini: mahubiri, zaburi, shajara za magavana. Nchi ile ilikuwa na wenyewe, na Waafrika walikwishafikishwa. Ina maana hawakutia mkono hata kidogo? Na kama nina muda wa kitabu kimoja tu, nisome kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Soma cha Mary Rowlandson, kilichotoka mwaka 1682. Ni kifupi, utakimaliza kwa siku moja, na jibu la swali lako limo humo, ila limejificha. Mimi mwenyewe nilikifundisha miaka mingi bila kuliona.

Rowlandson alikuwa mke wa mchungaji wa Lancaster, Massachusetts. Februari 1676, katika vita vya Waingereza na makabila ya Wenyeji yaliyoungana na kiongozi wao Metacom, yule waliyemwita Mfalme Philip, kijiji kilivamiwa alfajiri. Akatekwa na bintiye wa miaka sita, ambaye alikuwa na jeraha la risasi na hakumaliza hata wiki mbili akafa. Mama alikaa utekani wiki 11 na siku 5. Kitabu chake hakina sura, kina kuhama. Kuhama kwa kwanza, kwa pili, mpaka kwa ishirini, kila kambi ilipong'olewa.

Yeye alikusudia kuandika ushuhuda wa imani, na Biblia imemjaa kinywani. Lakini kalamu yake inaponyoka. Metacom anamwomba amshonee mwanawe shati, anamlipa shilingi moja. Anampelekea ile shilingi bwana aliyemmiliki utekani, bwana anamwambia kaa nayo, naye ananunua nyama ya farasi. Anashona na kofia. Safari hii anakaribishwa chakula, anapewa kiandazi cha ngano kilichokaangwa kwa mafuta ya dubu, hakizidi vidole viwili kwa ukubwa. Anaandika kwamba maishani mwake hakuwahi kuonja kitu kitamu kama kile. Kwingine anamnyang'anya mtoto wa Kiingereza, mateka mwenzake, kipande cha kwato ya farasi ambacho mtoto alishindwa kukitafuna, anakila yeye, na anasema kilikuwa kitamu. Haombi radhi. Hapo darasani palikuwa kimya, nami nikajiona nimefundisha.

Nilichokuwa naruka ni sentensi moja karibu na mwisho. Rowlandson anapowaorodhesha Wenyeji waliobatizwa, ambao anawachukia kuliko wote, anasema mmoja wao ndiye aliyewaandikia wenzake barua ya kudai fidia. Jina halitaji.

Jina lake tunalo. Ni James Printer, wa kabila la Nipmuc, ambaye kwao aliitwa Wowaus. Hilo la Printer ni la kazi: alikuwa mchapaji. Mwaka 1659 aliingizwa uanagenzi kwa Samuel Green huko Cambridge, Massachusetts, palipokuwa na mtambo wa kwanza wa uchapaji katika makoloni ya Kiingereza. Ni pale pale kilipochapwa kitabu cha Zaburi cha 1640, ambacho nakala zake zinazojulikana leo ni 11 tu na moja iliuzwa mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 14. (Tafsiri zake ni ngumu kama kuni mbichi, lakini hilo halimsumbui mnunuzi.) Kazi kubwa ya James ilikuwa Biblia iliyotoka 1663 katika lugha ya Wenyeji wa Massachusetts. Ndiyo Biblia nzima ya kwanza kuchapwa bara la Amerika, na si ya Kiingereza! Jalada lina jina la mmisionari John Eliot. Lakini miongoni mwa waliompa maneno na waliozipanga herufi moja moja walikuwamo Wenyeji.

Vita vilipozuka James alijikuta upande wa Metacom. Mji wa Medfield uliposhambuliwa, kwenye daraja iliachwa karatasi, na wanahistoria wengi wanaamini ni mkono wake: sisi hatuna cha kupoteza ila uhai, ninyi mtapoteza nyumba zenu nzuri na ng'ombe wenu. Sasa angalia. Katika nyara za Medfield hiyo hiyo mtu mmoja alitoa Biblia kapuni akampa Rowlandson, ndiyo aliyoisoma muda wote uliobaki wa utekwa. Kisha barua za fidia zikaandikwa, akakombolewa kwa pauni 20. Vita vikaisha, James akapata msamaha, akarudi kwa Green. Mwaka 1682, toleo la pili la kitabu cha Rowlandson lilipochapwa kwenye karakana hiyo, inaaminika alikuwa miongoni mwa waliolipanga. Kama ni hivyo, ile sentensi inayomsema vibaya ilipita vidoleni mwake, herufi kwa herufi, kinyumenyume kama wapanga herufi wanavyosoma.

Mwaka 1709 jina lake lilipata ukurasa wa mbele, kwenye Zaburi za lugha ile ile: B. Green na J. Printer.

Kuhusu Waafrika, anza na Lucy Terry, aliyetekwa Afrika akiwa mtoto na kuishi utumwani Deerfield, Massachusetts. Alitunga shairi juu ya shambulio la Wenyeji mjini hapo, Agosti 1746. Watu walilihifadhi kwa vinywa hadi lilipochapwa 1854. Orodha ya mhadhiri wako ni ya walioweka saini. Mwombe na ya waliofanya kazi.

SWALI: Mwalimu, ni kweli Anne Bradstreet, yule mshairi wa Kipuritani, alichapishiwa mashairi bila kuombwa ruhusa?

JIBU: Ndivyo inavyosimuliwa. Shemeji yake alikwenda nayo London, diwani ikatoka 1650. Nina shaka kidogo kama hakuwa na habari kabisa, maana mwanamke wa Kipuritani ilimfaa kusema hivyo. Shairi alilolitunga baadaye ndilo la kusoma. Anakiita kitabu mtoto mwenye kasoro aliyeibwa ubavuni mwake: namwosha uso, kila doa ninalolifuta linaacha dosari, namnyoosha viungo ili miguu ilingane, bado anachechemea. Waingereza kipimo cha mshororo hukiita mguu, kwa hiyo anacheka mizani yake mwenyewe. Mwishoni anamwagiza: wakikuuliza baba, sema huna, na mama yako ni maskini, ndiyo maana amekutoa nje.