Maswali na majibu: kuiongoza nyumba ya tiba ya maradhi ya ulaji

Tangu nilipoeleza katika safu hii kwamba nyumba ninayoiongoza hapa Dar es Salaam hupokea watu wanaojinyima chakula, au wanaokula kupita kiasi kisha wakajitapisha, nimeletewa barua nyingi, na zilizo nyingi si za wagonjwa bali za wenzangu wanaoendesha vituo au wanaotamani kuvianzisha. Leo najibu sita. Sitataja kilo za mtu yeyote wala hesabu za chakula, kwa kuwa miongoni mwa wanaonisoma wamo wagonjwa, na tarakimu ya namna hiyo mgonjwa huichukua kama rekodi ya kuvunja.

Shikamoo. Mimi ni muuguzi, Mbagala. Pamoja na wenzangu wawili tumepata nyumba ya vyumba vitano, na tunataka kupokea mabinti wanaokataa kula. Tuanzie wapi?

Marahaba. Anzeni kwa kuandika ni nani ambaye hamtampokea. Mtu ambaye mapigo ya moyo wake yamepungua mno, anayezirai akisimama, au ambaye potasiamu yake, madini ya damu yanayoutuliza moyo, imeshuka kwa sababu ya kutapika, mahali pake ni hospitali yenye maabara na kipimo cha umeme wa moyo usiku na mchana, hata kama mama yake analia getini kwenu. Kabla ya kununua kitanda cha kwanza, pateni makubaliano ya maandishi na hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi, pamoja na daktari wa magonjwa ya akili na mtaalamu wa lishe. Usajili na leseni ni vya lazima, lakini si karatasi hizo zitakazowaokoa saa nane za usiku.

La pili ni hatari ya chakula chenyewe. Kama umewahi kufanya kazi katika wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali, unakumbuka kwamba mtoto huanzishiwa maziwa ya tiba ya F-75, yaliyo mepesi, kabla ya kupewa F-100, yenye nguvu zaidi. Mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla, insulini, homoni inayoingiza sukari ndani ya seli, hupanda, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu nayo hukimbilia humo, kiwango chake katika damu hushuka, na moyo unaweza kusimama. Kwa mtu mzima mambo ni hayo hayo. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kuanza na hurudiwa mara kwa mara katika siku za mwanzo, na vitamini B1 hutangulia chakula. Ndugu watawashinikiza: "Mtundikieni dripu apate nguvu." Dripu ya glukosi kwa mtu wa namna hii, bila vitamini hiyo na bila vipimo, inaweza kumuua, na kiongozi ndiye anayepaswa kusimama mbele ya ukoo mzima na kukataa.

Tunaendesha nyumba ya upataji nafuu kwa waraibu wa dawa za kulevya, Kigamboni. Tumeombwa kupokea wagonjwa wa ulaji. Je, kanuni zetu zinafaa?

Chache tu. Mraibu wa heroini mnamwambia asiiguse tena maisha yake yote, ilhali mgonjwa wa ulaji hana budi kukutana na kile anachokiogopa mara tano au sita kwa siku, na mezani hakuna pa kujificha. Adhabu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Nimeona kituo kimoja ambako binti aliyeshindwa kumaliza sahani alinyimwa kuonana na wazazi wake Jumapili, na wahudumu wakaliita jambo hilo nidhamu.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, kwa muda wa miezi sita. Vijana hao walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kuburuza mlo mmoja kwa saa nzima, kugombana na kujitenga. Hawakuwa na ugonjwa wa ulaji hata mmoja. Walikuwa na njaa. Sehemu kubwa ya kile ambacho wahudumu wako watakiita ukaidi ni njaa inayosema kwa mdomo wa mgonjwa, na kanuni ya nyumba iliyotungwa bila kulijua hilo humwadhibu mtu kwa sababu anaumwa.

Mimi ni mlezi wa zamu. Mgonjwa wetu anaficha chakula. Je, tumpekue?

Hapana. Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, wakati feni za chumba chetu cha chakula zilikuwa zikipuliza joto tupu, tulikuwa na binti aliyekuja mezani akiwa amevaa sweta. Mwili wenye njaa husikia baridi, kwa hiyo hatukushangaa, mpaka mpishi wetu alipoona doa la mafuta likipanuka taratibu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiwiko. Ilikuwa robo tatu ya chapati. Mlezi alitaka kumvua sweta pale pale mbele ya wenzake. Mimi niliomba chapati nyingine mbili, moja yake na moja yangu, nikahamia kiti cha pembeni yake, tukala polepole tukizungumzia foleni ya kivuko, na sweta halikutajwa hadi jioni, tulipokuwa wawili.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu kwamba kila aliye zamu hula chakula kile kile, kwa kipimo cha upawa ule ule, na mimi sijitoi. Mkuu wa nyumba anayekula ofisini kwake huku akisimamia ulaji wa wengine hajaielewa kazi yake. Baada ya mlo, kaeni pamoja sebuleni kwa muda wa saa moja, kwa bao au kwa ushonaji, ili asiwepo wa kukimbilia chooni.

Mwanangu yuko kwenye kituo na anasisitiza kufunga Ramadhani. Uongozi unasema uamuzi ni wangu.

Mama, uongozi umekutupia mzigo usio wako. Aya ya 185 ya Sura ya Al-Baqara inampa mgonjwa ruhusa ya kula na kuzilipa siku zake baadaye, na huyu ni mgonjwa. Kituo chenye uangalifu humwita shehe anayeaminiwa na familia mapema, Shaabani ikiwa bado haijaisha, daktari akaeleza hali ilivyo, na mgonjwa akamsikia shehe mwenyewe. Kushinda bila kula na kisha kukutana na futari nzito ndio mzunguko ule ule ambao tunajitahidi kuuvunja. Liulize pia swali gumu kwa upole: je, anaitaka ibada, au amepata kisingizio ambacho hakuna atakayethubutu kukikataa? Wakristo nao hutuletea swali hili wakati wa Kwaresima.

Haya si maradhi ya Wazungu?

Jina anorexia nervosa, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula, lilitoka London, kwa daktari William Gull, katika miaka ya 1870. Ugonjwa hauulizi pasipoti. Huko Fiji, ambako unene ulikuwa ukisifiwa, mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka 1995, televisheni ilipokuwa imeingia punde. Hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye, waliosema hivyo walikuwa asilimia 11. Sisi tunazo simu mkononi, na chai za kupunguza tumbo zinauzwa Kariakoo. Wavulana nao wanaugua, ingawa huletwa wakiwa wamechelewa.

Ada za vituo hivi ni kubwa mno kwa mshahara wa mwalimu. Hakuna njia nyingine?

Ipo, na ni jukumu la kiongozi kuisema hata ikimpunguzia mapato. Kwa kijana ambaye moyo na damu yake vimetulia, tiba iliyothibitishwa vizuri zaidi ni ile ambayo wazazi wenyewe hushika usukani wa kila mlo nyumbani, huku mtaalamu akiwaongoza kila wiki. Ilianza kujengwa katika Hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Kwetu mzazi hualikwa kula nasi kuanzia wiki ya pili. Siku za kwanza mama wengi hupakua kidogo kwa huruma, na mpishi huwarudishia upawa bila kusema neno. Mama akishaweza kupakua kipimo kamili mtoto akiwa analia, nami nikiona mkono wake hautetemeki, tunaanza kupanga tarehe ya kutoka.