Lebo iandikwe kabla hujanyanyuka shimoni

Juzi nimefungua chupa za mbawakawa walizoleta vijana wetu waliorudi kutoka msitu wa Amani, Usambara Mashariki, nikakuta spiriti ya kuwahifadhia imegeuka samawati. Ilibidi nikae chini. Wino wa lebo tena, jamani!

1. Lebo ya ndani ya chupa ni penseli, kwenye karatasi nzito. Nalisema kila msimu kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza Usambara Mashariki tulitega vikombe 40 vya kunasia mbawakawa, vimefukiwa ardhini: msituni, kwenye mashamba ya chai na chini ya mikaratusi. Mzee aliyetuongoza, tuliyemwita Babu, alichimba zaidi ya nusu ya mashimo yale, mvua ikimnyeshea, siafu wakimpanda miguuni. Lebo nikaandika kwa kalamu ya wino, na juu ya vifuniko kwa makapeni, nikaona nimejihami. Wiki tatu baadaye chupa zilikuwa zimevuja, vifuniko vimefutika, karatasi za ndani nyeupe pe. Nilizisogeza dirishani moja moja, nikitafuta hata mkwaruzo wa kalamu. Wapi!

Nikaanza kubahatisha. Huyu mkubwa mwenye pembe lazima ni wa msituni. Hawa wadogo weusi ni wa kwenye chai. Nilipofika chupa ya saba mkono ukanilegea. Swali nililotumwa kulijibu ndilo hilohilo: nani anaishi msituni tu, na nani anavumilia shamba? Nami nilikuwa nalijibu kwa kukisia. Tukaacha msimu mzima. Babu akaniuliza kwa upole, "Sasa mjukuu wangu, yale mashimo tulichimba ya nini?" Sikuwa na la kumwambia.

2. Mdomo wa kikombe uwe sawa na ardhi. Ukichomoza kidogo tu, mbawakawa anauzunguka na kwenda zake. Tone la sabuni kwenye maji, wazame.

3. Kinyesi cha chambo kiwe kibichi, kipimo kimoja kila shimo. Kinyaa kitaisha siku ya pili.

4. Msilinganishe mitiki ya shamba la Longuza na msitu wa Amani. Longuza iko chini, Amani iko karibu mita 900. Mtakuwa mnapima mwinuko mkidhani mnapima mitiki. Kwa Longuza tafuteni msitu wa chini, kama Kwamgumi. Na vikombe kumi kwenye mstari mmoja ni eneo moja, si kumi! Elezeni wazi mlichopima. Mwaka 1982 mtaalamu wa wadudu Terry Erwin alitumia mbawakawa wa miti 19 ya aina moja huko Panama kukadiria kwamba tropiki ina spishi milioni 30 za wadudu na jamaa zao. Wenzake waliishusha sana hesabu hiyo, na waliweza kwa sababu alieleza miti ni mingapi, ya aina gani, ya wapi.

Chupa zenu ziko mezani kwangu. Mbili bado zina herufi zinazoonekana kwa mbali ukiinamisha karatasi kwenye taa. Jumatatu asubuhi njooni na madaftari yenu ya msituni, tuanze na hizo.