X-Trail ya CVT inakula mafuta, fundi anataka kuweka ATF ya kawaida? Mkuu, ahirisha hiyo kazi ya kesho

Mkuu, mpigie fundi sasa hivi mwambie kesho asije. Kama ameshanunua hizo lita nane za oili nyekundu, abaki nazo, atapata pa kuzitumia. Siyo kwenye gari lako.

Nimesoma swali lako mara mbili. X-Trail NT31 ya 2010, petroli 2.0, otomatiki, 4WD. Dar unapata kilomita 7 kwa lita wakati aliyekuuzia alikuapia 13. Fundi amesema oili ya giaboksi imezeeka, atamwaga aweke ATF ya kawaida (ile oili nyekundu ya otomatiki zenye gia), gari litakuwa jepesi na mafuta yatapungua. Umeuliza pia kama ungechukua ya 2.5, na kama uweke tairi kubwa. Hayo yanaweza kusubiri. La giaboksi halisubiri, kwa sababu ukishawasha gari na hiyo oili ndani, umeanza kulipa.

Kanuni ni moja: NS-2, yaani oili ya Nissan ya giaboksi za CVT, au usiguse. Iandike kwa maka pen kwenye boneti kwa ndani, kila fundi aione kabla hajashika spana.

Giaboksi ya NT31 ni CVT, haina gia kama unavyozijua. Ndani kuna puli mbili za chuma zenye mashavu ya mteremko, na katikati yake mkanda wa chuma uliopangwa vipande vidogo mamia. Mashavu yakisogeleana mkanda unapanda juu, yakiachana unashuka, ndiyo maana huoni gari likibadilisha gia. Sasa, mkanda haukushikwa na meno wala boliti. Unashikwa kwa kubanwa na presha ya oili, basi. Oili ile ile inatakiwa ilainishe na wakati huohuo ifanye chuma kishike chuma kisiteleze. NS-2 imetengenezwa kwa kazi hiyo. ATF ya kawaida imetengenezwa kwa giaboksi zenye sahani za klachi, na chuma kwa chuma haikishiki inavyotakiwa.

Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza fundi anaonekana shujaa. Gari linaondoka laini kweli, unampa na hela ya soda. Baada ya muda unaona sindano ya RPM inapanda kabla gari halijaongeza mwendo, kama mtu anayekimbia kwenye matope. NT31 nzima ya 2.0 ikiwa 100 km/h kwenye tambarare inazunguka karibu 2,000. Ukiona 2,500 au 2,600 kwa mwendo huohuo na mguu hujakandamiza, mkanda unateleza, na kila mzunguko wa ziada ni petroli yako. Yaani umelipa ili mafuta yapungue, na yameongezeka.

Halafu inakuja mluzi. Mwembamba, unapanda na mwendo. Majirani wangu walijua nimerudi kabla sijafika getini, na nilikuwa nawaambia ni bearing ya tairi. Msinicheke. Baada ya mluzi ni mtetemo ukiwa kati ya 20 na 40 km/h kwa mguu mwepesi, kama gari linapita juu ya matuta madogo yasiyokuwepo. Hapo mashavu ya puli yameshakwaruzwa, unga wa chuma unazunguka na oili na kuingia kwenye vali zinazogawa presha. Presha ikishuka mkanda unateleza zaidi, ukiteleza unatoa unga zaidi. Mwisho wake ni mlimani: kompyuta inaona joto la oili limezidi, inakata nguvu ili kuokoa kilichobaki, na unapanda Kitonga mwendo wa baiskeli huku malori ya Tunduma yanakupigia honi. Oili sahihi ukiiweka wakati huo haifuti mikwaruzo. Inayofuata ni giaboksi nyingine, na hiyo ada nimeshailipa, kwa hiyo nina haki ya kupiga kelele hapa.

Ushauri huu mbovu haukutoka hewani. X-Trail iliyotangulia, T30, ilikuja na otomatiki ya kawaida ya gia nne, na ile inatumia oili nyekundu vizuri tu. Fundi aliyezoea T30 akiona jina X-Trail mlangoni anaona ni mtoto wa ukoo uleule. Hajui kwamba kwenye T31, ambayo NT31 yako ni mojawapo, walibadilisha giaboksi yote. Fundi wangu, ambaye simtaji, nilipomwonyesha kitabu cha gari kimeandika NS-2 alinijibu kwamba hayo ni maneno ya kibiashara na oili zote baba yao mmoja. Na muuza vipuri akaitikia kama kibwagizo: "Hii inaingia gari zote." Kitu kinachoingia gari zote ni vumbi, mkuu.

Mtego mwingine ni kopo lenye jina la Nissan. Nissan wana oili zinazoitwa Matic, herufi ya mwisho D, J au S, na zote ni za otomatiki zenye gia. Ni halali, ni ya kampuni yenyewe, na kwa gari lako bado ni sumu. Soma neno CVT na NS-2 kwenye kopo kwa macho yako, na lifunguliwe mbele yako. Rangi nayo inasaidia: ATF ya kawaida ni nyekundu kama juisi ya rozela, NS-2 ina ukijani. Ikishazeeka inakuwa ya kahawia, hapo rangi haikuambii tena kitu.

Na kama fundi ameshakuja mapema ukiwa usingizini, USIWASHE. Usilivute pia magurudumu yakiwa chini, ni 4WD. Ita brekdauni ya kubeba gari zima. Kama hujaliwasha, bado inamwagika sehemu kubwa. Kama limeshatembea, itabidi umwage na kujaza NS-2 mara tatu au nne, maana kila ukimwaga karibu nusu inabaki kwenye torki konveta na kwenye mirija.

Sasa tuseme oili yako kweli imechoka. Namna ya kujua siyo fundi kuinusa. Tafuta mwenye mashine ya kupimia inayosoma Nissan kwa undani, aangalie namba ya uchakavu wa oili ya CVT. Ikifika 210,000, maelekezo ya Nissan ni kubadilisha. Ila namba hiyo inahesabu joto na kazi, haijui ni oili gani imo ndani, kwa hiyo isikupe usingizi kama hujui historia ya gari.

Kubadilisha kwenyewe siyo uchawi. Gari liwe limetembea kama robo saa, liko mahali tambarare. Fungua boliti ya chini ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), acha idondoke mpaka iwe tone tone, na kinga kwenye chombo chenye alama za lita. Zitatoka kama lita nne, pengine na zaidi kidogo. Namba hiyo iandike, ndiyo utakayorudisha. Shusha sampo: ndani kuna sumaku. Ukikuta tope laini la kijivu, ni uchakavu wa kawaida, futa. Ukikuta vipande vinavyong'aa au vinavyochoma kidole, funga tu, usitumie hela kwenye oili, anza kutafuta giaboksi. Safisha au badilisha chujio la ndani, na mkumbushe fundi kwamba kuna kingine kidogo cha karatasi upande wa kipoza oili, wengi hawakigusi kwa sababu hawajui kama kipo. Weka gasketi mpya, na pete (washa) mpya ya boliti. Boliti za sampo ni ndogo, zikazwe kidogo kidogo kwa kuruka upande huu na ule, siyo kwa kuning'inia kwenye spana.

Unajazia kwenye bomba la dipstiki kwa faneli safi. Washa, kanyaga breki, pitisha lever P, R, N, D, L, kila mahali sekunde chache, rudisha P. Kipimo kinasomwa injini ikiwa inaunguruma na oili ina joto la nyuzi 50 hadi 80, kwenye alama ya HOT. Dipstiki ifutwe kwa karatasi isiyoacha nyuzi, siyo tambara la gereji. Uzi mmoja kwenye vali unatosha kukuharibia mwezi. Na usijaze kupita alama ukidhani unaipendelea. Ikizidi inapigwa povu, povu lina hewa, hewa haibani puli, na tumerudi kulekule kwenye kuteleza. Tembea kilomita 300 hivi, rudia kumwaga na kujaza.

Lakini mkuu, nani alikwambia 7 ni ugonjwa?

Chukua Mbezi hadi mjini, kama kilomita 20, saa mbili asubuhi ya Jumatatu. Ukikaa barabarani saa mbili, na ndani yake saa nzima umesimama AC inawaka, hiyo saa peke yake ni karibu lita moja bila kusogea hata hatua. Kilomita 20 zenyewe za kwenda na kusimama, kwa gari la tani moja na nusu, ni lita mbili. Tatu kwa ishirini ni 6.7. Hiyo ndiyo 7 yako, na giaboksi haikuhusika popote.

Hiyo 13 ya muuzaji inatoka kwenye vipimo vya Japani vya mtindo wa 10-15. Gari linapimwa juu ya roli ndani ya maabara kwa dakika 11, jumla kilomita 4 na kidogo, mwendo wa juu kabisa 70 km/h, AC imezimwa. Hakuna Ubungo kwenye maabara. Safari ndefu kwa 90 hivi, tairi zina upepo sahihi, NT31 nzima ya 2.0 inakupa 11 hadi 12. Ukienda 120, ukinzani wa hewa ni kama mara 1.8 ya ule wa 90, na ukiwa na keria ya juu usiniulize.

Na namba yako uliipataje? Kama ni kioo cha dashibodi au kuweka mafuta ya elfu thelathini na kusubiri taa, huna namba bado. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usigongegonge kuongeza. Trip iwe sifuri. Tembea angalau kilomita 300, rudi sheli ileile, pampu ileile, jaza mpaka ikate tena. Gawanya: kilomita 410 kwa lita 46 ni 8.9. Fanya mara tatu. Ikiwa mjini unapata 7 na barabara kuu 11, gari ni zima. Ikiwa hata barabara kuu ni 8, ndipo tunatafuta mchawi, na tunaanza kwa vitu vya bei rahisi.

Wa kwanza ni thamostati. Magari mengi hapa yameshatolewa thamostati na fundi aliyesema nchi yetu ya joto haiihitaji. Injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi siku nzima, inaendelea kumwaga petroli nyingi kupita kiasi. Chomeka kile kidude cha Bluetooth kinachosoma injini kwenye simu: ukiwa barabara kuu joto la maji likishuka kwenye 65 au 70 badala ya kukaa juu ya 80, imetolewa au imekwama wazi. Kisha filta ya hewa, sensa ya hewa kama imejaa vumbi, breki zinazokaba, upepo wa tairi kwa namba ya stika ya mlangoni. Plagi pia, na hapa chunga: kwenye injini hii ya MR20 plagi ziko chini ya manifodi ya kuingizia hewa, lazima ifunguliwe. Fundi aliyekwambia amezibadilisha zote kwa dakika kumi amebadilisha mazungumzo tu.

Kuweka swichi kwenye 2WD hakukupi maajabu, shafti ya nyuma inazunguka tu hata hivyo.

Tairi kubwa usiweke. Ukitoka 215/65R16 kwenda 235/70R16 gurudumu linakua asilimia 7: odometa ikiandika 100 umetembea 107, kwa hiyo hesabu yako ya mafuta inadanganya, na mkanda uleule unasukuma mzigo mzito zaidi kila unapoondoka.

Ya 2.5 inakula zaidi mjini na giaboksi yake ni ya ukoo huohuo wa CVT, kwa hiyo kanuni haibadiliki.

Ukishamaliza kumwahirisha fundi, chomoa dipstiki ya giaboksi, dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe, piga picha juani na uiweke hapa. Kama tone ni jekundu, usiende na gari kazini kesho.