Kabla ya Kununua Fremu ya Chuma kwa Bastola Yako

Mara ya kwanza niliposhika bastola yenye fremu, yaani ile sehemu ya chini yenye mpini, ya alumini ilikuwa Jumamosi moja ya Julai katika uwanja wa kulenga shabaha wa Kirigiti, Kiambu, asubuhi ya baridi ambayo hata wazoefu hupuliza vidole kabla ya kushika silaha. Mwenzangu wa siku nyingi alinipa ya kwake nijaribu, nikafyatua risasi 10 kwenye karatasi iliyokuwa mita 15 mbele yangu, nikaona matundu yamekaribiana kuliko ilivyo kawaida yangu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kununua fremu kama ile. Sikujua kwamba kati ya uamuzi huo na siku ambayo ningeifunga kwenye bastola yangu kungepita miezi 11, na kwamba nusu ya niliyoyajua siku ile yalikuwa ya mitandaoni tu.

Ninawaandikia wenye cheti cha silaha ambao wanafikiria kufanya kama nilivyofanya. Asiye na cheti hana shughuli na fremu, na nitaeleza kwa nini.

Jambo linalowaponza wengi ni kuiona fremu kama kipuri, mithili ya usukani wa gari ambao mtu anaweza kuununua Kirinyaga Road na kuufunga Jumapili baada ya chakula cha mchana. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haitazami hivyo, kwa sababu inapotaja silaha inajumuisha pia sehemu zinazoiunda. Kwa hiyo anayeagiza fremu kutoka nje bila kibali, hata kama ni ganda tupu lisilo na mtutu wala springi, anaagiza silaha bila kibali. Nami nilikaribia kufanya kosa hilo. Nilikuwa nimeshaichagua fremu, nimejaza anwani ya mojawapo ya kampuni zinazokusanya mizigo Marekani na kuileta Nairobi kwa ndege, na kilichobaki kilikuwa kubonyeza kitufe cha kulipa. Kwa bahati nzuri nilimpigia simu kwanza fundi anayeshughulikia bastola yangu katika duka la silaha lenye leseni. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza iwapo nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza maofisa wa forodha pale uwanja wa ndege maelezo hayohayo niliyokuwa nikimpa yeye. Niliifunga kompyuta.

Upande wa Marekani nako kuna mlango wake. Sheria yao ya mwaka 1968 inaihesabu fremu kuwa ndiyo bunduki yenyewe, na ndiyo maana nambari ya usajili huwekwa hapo, wala usafirishaji wa sehemu za bastola kwenda nje hauruhusiwi kienyeji bila kufuata masharti ya leseni. Muuzaji anayekuambia kwamba ataandika juu ya kifurushi kuwa ni vifaa vya michezo anakutafutia kesi katika nchi mbili kwa mpigo.

Hapa kuna tofauti ya miundo ambayo ni lazima uielewe kabla ya kutoa hata shilingi moja. Bastola za Glock, ambazo jeshi la Austria lilizipokea mwaka 1982 na ambazo ndizo zilizoufanya ulimwengu uizoee fremu ya plastiki, zina nambari kwenye kibati kidogo cha chuma kilichozamishwa ndani ya plastiki ya fremu yenyewe. Ukibadilisha fremu ya bastola ya aina hiyo, umebadilisha nambari, na kwa hiyo umebadilisha silaha. Cheti chako kinataja silaha moja, nawe mkononi una nyingine. Bastola kama SIG Sauer P320 imejengwa kwa njia tofauti: nambari imepigwa kwenye kiini cha chuma kinachobeba mtambo wa kufyatulia, nacho kiini hicho hukaa ndani ya ganda linaloweza kubadilishwa, kikionekana kupitia kidirisha kidogo ubavuni. Katika muundo huo kile ambacho sote tunakiita fremu ni ganda la mpini tu, na nambari iliyo kwenye cheti haiguswi. Bastola yangu ni ya muundo huu wa pili, na kama yako ni ya ule wa kwanza ningekushauri uishie hapa, uuze uliyo nayo kupitia duka lenye leseni na uombe ruhusa ya kununua bastola iliyotoka kiwandani ikiwa na fremu ya chuma. Zipo nyingi na zimethibitishwa na miaka. CZ 75, mojawapo ya zile ambazo hapa kwetu magazeti yamezizoea kwa jina la Ceska, imekuwa ya chuma tangu mwaka 1975, na Beretta 92 ina fremu ya alumini.

Hata kwa muundo wa ganda, usijidanganye kwamba sheria imekupa mgongo. Mimi nilipitia dukani, duka likaandika barua, likashughulikia kibali cha kuingiza, nami nikasubiri. Sitaki kueleza hatua za ofisini kana kwamba ni karani wa Bodi ya Leseni za Silaha, kwani taratibu hubadilika na mwenye duka ndiye anayezijua za leo. Wale tuliokuwa na silaha wakati uhakiki wa wamiliki wote ulipoagizwa mwishoni mwa mwaka 2018 tunakumbuka jinsi karatasi moja iliyokosekana ilivyoweza kukufanya urudi ofisini mara kadhaa. Kila risiti, kila barua na kila nakala ya kibali cha fremu yangu imo kwenye faili moja pamoja na cheti.

Tukija kwenye kitu chenyewe, neno chuma linatuchezea. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku kila metali ni chuma, na muuzaji hufaidika na ulegevu huo. Fremu nyingi zinazouzwa kama za chuma ni za alumini, na alumini yenyewe ina daraja zake. Utakutana na nambari 6061 na 7075. Hiyo ya pili ni ngumu zaidi kwa kiasi kikubwa, na bei yake husema hivyo. Alumini huwa na uzito wa takriban gramu 2.7 kwa kila sentimita moja ya ujazo, ilhali chuma cha pua hukaribia gramu 8, kwa hiyo fremu mbili zenye umbo moja zinaweza kutofautiana uzito karibu mara tatu. Uliza ni metali gani, daraja gani, na usiridhike na jibu la kwamba ni ya ubora wa ndege.

Kwa nini watu wanautaka uzito huo? Risasi ya milimita 9 yenye gramu 8 hutoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 350 kwa sekunde, na bastola hulipa deni hilo kwa kurudi nyuma. Deni halipungui, ila bastola nzito hurudi polepole zaidi. Yangu ikiwa imejaa risasi ilikuwa na gramu 1,040 kwenye mizani ya jikoni (mke wangu hakupendezwa), na baada ya fremu mpya ikawa na gramu 1,230. Kwa hesabu, nguvu ya teke inapungua kwa kiasi cha asilimia 15. Mkononi niliihisi tofauti hiyo zaidi katika risasi ya pili na ya tatu, kwa sababu kilengeo kilirudi mahali pake mapema, kuliko katika ile ya kwanza. Nakiri pia kwamba yale matundu yaliyokaribiana kule Kirigiti yalitokana kwa sehemu na triga ya mwenzangu, ambayo ilikuwa laini kuliko yangu. Niligundua hivyo baada ya kulipa. Ukijaribu bastola ya mtu, uliza yote yaliyobadilishwa ndani yake.

Fremu ilipofika, kuifunga kulichukua dakika chache, na hapo ndipo majaribu yalipoanza. Sikuifunga mwenyewe ingawa video zimejaa zinazoonyesha wepesi wake. Kazi ya kutengeneza silaha kwa biashara inaruhusiwa kwa aliyesajiliwa, nami nilitaka jicho la mtu aliyekwisha kuona zilizoharibika. Fundi alianza kwa kutoa magazini, yaani kasha la risasi, kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, na kuichungulia chemba ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa mara mbili, ya pili kwa kidole, ndipo akatandika kitambaa. Kiini kiliingia kwa kubana. Magazini iliingia vizuri lakini haikudondoka ilipobonyezwa kitufe, ikabidi ivutwe kwa vidole. Kisa chake kilikuwa lile gamba gumu ambalo alumini hujengewa kwa umeme ili isikwaruzike. Unene wake hauzidi unywele, lakini lilikuwa limejaa kidogo pande zote mbili za tundu la magazini, na mtengenezaji hakuliwekea nafasi.

Nilimwandikia mtengenezaji, ambaye sitamtaja, nikiambatanisha picha. Alijibu kwa adabu kwamba nirudishe ile yenye kasoro naye atatuma nyingine bure. Bure! Kuirudisha kungehitaji kibali cha kuitoa nchini, na kupokea nyingine kungehitaji kibali kipya cha kuiingiza, pamoja na gharama ya wakala na miezi mingine ya kungoja. Dhamana ya mtengenezaji aliye ng'ambo ya bahari, kwa bidhaa ya aina hii, ni karatasi tu kwa mkazi wa Nairobi. Laiti ningalijua, ningalilichagua ganda linalotengenezwa na kiwanda kilekile kilichotengeneza bastola, hata kama mpini wake haukupendeza sana machoni, kwa kuwa mtengenezaji wa namna hiyo angalau hana wa kumsingizia vipimo visipooana. Fundi wangu alisugua tundu kwa uangalifu sana, akipima kila baada ya muda mfupi, kwa sababu gamba likiisha alumini laini iliyo chini yake huanza kulika. Usimruhusu mtu achukue tupa mbele yako na kusema kwamba ni kidogo tu.

Kasoro ya pili ilikuwa yangu. Mpini wa fremu mpya umechongwa juu zaidi chini ya kilinda triga, hivyo mkono hupanda, na kidole gumba changu kikawa kinakalia kishikizo cha slaidi. Matokeo yake slaidi haikubaki nyuma magazini ilipokwisha, nami nilifyatua bastola tupu mara tatu nikidhani imeharibika. Ilinichukua wiki kadhaa kuuzoesha mkono mahali papya. Ndiyo maana nasema kwamba baada ya kubadilisha fremu, bastola hiyo isirudi kiunoni kama silaha ya kujilinda kabla ya kufyatua risasi zisizopungua 200 bila tatizo, kwa magazini zako zote na kwa aina ileile ya risasi unazobeba. Mimi nilifika 200 katika safari ya tatu ya uwanjani, kwa kuwa kila ilipokwama nilianza kuhesabu upya.

Gharama nyingine hazitajwi popote. Mfuko wangu wa plastiki ngumu uliokuwa ukiikumbatia bastola ya zamani ulikataa kuipokea mpya, nikanunua mwingine. Mshipi wa kawaida ulilegea kwa zile gramu 190, nikatafuta mshipi mgumu wa kubebea silaha. Michongo ya mpini, ambayo kiganjani ni raha, ilitafuna bitana ya koti langu la kazini kwa muda wa miezi miwili. Fremu yenyewe ilinigharimu kama dola 400, na nilipojumlisha vibali, wakala, usafirishaji, fundi, mfuko na mshipi, jumla ilizidi mara mbili ya kiasi hicho. Kama unashiriki mashindano, soma kwanza kanuni za daraja lako, maana baadhi ya daraja huweka ukomo wa uzito na wa mabadiliko yanayoruhusiwa, na fremu ya chuma inaweza kukuhamishia mahali ambapo utashindana na watu wenye bastola za gharama kubwa zaidi.

Kwa anayeanza, au aliye na cheti na hufika uwanjani mara mbili kwa mwaka, ningeshauri fedha hizo zigeuzwe kuwa risasi na saa za mwalimu. Kwa anayefyatua kila mwezi na ambaye bastola yake ni ya muundo wa kiini, sioni ubaya, mradi apitie duka lenye leseni kuanzia siku ya kuuliza bei.

Ganda la zamani la plastiki sikulitupa wala sikumpa mtu, ingawa vijana wawili wa uwanjani waliliomba. Limefungiwa ndani ya sefu pamoja na risasi na faili la karatasi, na nikisafiri Mombasa mwezi wa Desemba, kwenye jasho na hewa ya chumvi, fundi hulirudisha kwenye bastola hadi nitakapopanda tena kuja Nairobi.