Nyanya Zisubiri: kwa anayeanza kupika frijoles charros

Sufuria yangu ya kwanza ya frijoles charros, maharage ya Kimeksiko ya mchuzi yenye nyama na pilipili, ilichemka saa nne nzima na maharage yakabaki magumu. Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu katika familia iliyotoka Nuevo León, kaskazini mwa Meksiko, ikahamia Texas, nikataka mama mkwe akirudi kanisani akute chakula tayari. Nikatia vyote kwa mpigo: maharage, nyanya, vitunguu, nyama, pilipili. Alionja, akafunika, akasema taratibu, “Nyanya zimeingia mapema, mwanangu.”

Wewe unayeanza, shika hilo kwanza. Uchachu huzuia harage kulainika. Na si nyanya peke yake. Chorizo ya Kimeksiko ni nyama mbichi iliyosagwa na kukolezwa kwa pilipili kavu na siki, tofauti na ile ya Kihispania iliyokaushwa. Siki hiyo nayo isubiri.

Chukua nusu kilo ya maharage ya pinto, yale ya rangi ya krimu yenye madoa ya kahawia. Yachambue vizuri, mawe hayakosekani. Mama mkwe haloweki. Mimi naloweka usiku kucha kwa sababu yanawahi kuiva, na hajawahi kunilaumu. Bandika na maji lita mbili na nusu, nusu kitunguu na punje mbili za kitunguu saumu, kisha punguza moto. Maji yakipungua ongeza ya moto. Magadi yaache: yanalainisha kweli, ila yanabadilisha ladha ya mchuzi, na hapa mchuzi ndio chakula chenyewe. Ukikosa pinto ukatumia maharage mekundu, loweka, mwaga maji ya kulowekea, kisha yachemshe kwa moto mkali dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza, maana yakiwa hayajaiva sawasawa yanaumiza tumbo vibaya.

Baada ya saa moja na nusu hivi, chota machache kwenye kijiko uyapulize. Ganda likipasuka na kujikunja, yamekaribia. Hapo ndipo mama mkwe hutia chumvi. Lakini usiondoke hapo bado. Tafuna harage moja mpaka uhakikishe kiini hakina unga mgumu. Nilipokuwa mgeni nilikuwa naangalia saa, kumbe saa haijui maharage yamekaa dukani muda gani. Niliwahi kununua mfuko mmoja ambao haukulainika mchana kutwa, bila hata tone la kitu kichachu.

Yakishalainika, geukia kikaango. Kaanga gramu 150 za bekoni, nyama ya nguruwe ya chumvi, iliyokatwa vipande mpaka itoe mafuta, tia gramu 200 za chorizo, ikiiva tia kitunguu na pilipili mbili za jalapeño, mwisho nyanya tatu zilizokatwakatwa. Usiivishe haraka sehemu hii. Nyanya zikauke, mafuta yajitenge pembeni na kugeuka mekundu. Mimina vyote kwenye maharage, yachemke taratibu nusu saa, kisha epua na utie majani ya giligilani. Asiyekula nguruwe aache bekoni, atumie chorizo ya ng'ombe, ipo, na aongeze mafuta kidogo.

Mchuzi uwe mwepesi. Charro ni mpanda farasi wa mashambani, na kwao Nuevo León chakula hiki hunywewa kwa kikombe au bakuli dogo pembeni ya nyama choma. Hiki si kirojo cha kushikilia ugali. Wageni wakiongezeka, Wameksiko husema mwageni maji zaidi kwenye maharage, na nyumbani kwetu wanafanya hivyo kweli, na chumvi inaongezwa kidogo.

Yakibaki, kesho yake yaponde kwenye mafuta ya moto uyale na tortilla, zile chapati nyembamba za mahindi. Mama mkwe huficha bakuli moja nyuma ya friji kwa ajili hiyo, na sasa mimi pia naficha langu.